Igonge Kwanza, Ule Baadaye

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu utazipata kesho asubuhi pale kwenye basi la Tanga, mbele za watu, nami nitakuwa nimevaa koti na kujifanya mtu mzima asiyelia. Humu naomba nianze na shaka moja kwa moja, maana ndiyo mali niliyojaliwa kwa wingi kuliko zote.

Mambo ya nyumba sitayagusa. Mamako ameshakueleza yote ya wakwe, ya mchele na ya maji ya kule, na nusu yake amekueleza nikiwa chumba cha pili nasikia, nikijiuliza ni lini nilikuwa mume mbaya kiasi hicho. Mimi nina neno la boti tu. Ile boti ya matanga ya mzungu wa Tanga anayerudi kwao, ambayo wewe na mumeo mwataka kuinunua mchukue wageni hadi Pemba, na mkishaizoea mwende Ngazija na Shelisheli, huko ambako mtu huamka asione nchi kavu upande wowote. Hamisi ameniambia neno la mwisho amekuachia wewe. Alilisema kwa heshima sana, kofia mkononi. Nami nikashuku hapo hapo. Mwanamume anayemwachia mkewe neno la mwisho, ama anampenda, ama ameshajijua kwamba yeye mwenyewe hawezi kusema hapana. Kwa Hamisi nadhani ni yote mawili. Boti yenyewe ameiona mara moja tu kwa mbali, na tayari anaiita "mrembo wetu".

Lakini lililoniondolea raha ni jengine. Juzi alirudi dukani kwangu kutoka kupiga simu posta, uso wote meno.

"Baba, yule mzungu ni mtu mwema sana! Amesema tusijali chochote. Tukifika mchana, tule kwake kwanza, mkewe atapika, halafu ndipo tushuke tukaitazame boti."

Mkasi ukaniponyoka. Hamisi akadhani nimejikata.

Tule kwanza, halafu ndipo tuitazame. Mwanangu, maneno hayo hayo niliambiwa mimi kule Tudor na mtu tuliyekuwa tukimwita Kapteni. Hadithi ya boti yake, Marhaba, waijua. Nimeisimulia kwenye kila harusi na kila futari, na watu wamecheka mpaka wameshika mbavu. Lakini hadithi inayochekesha watu kila mwaka hupunguzwa hapa ikaongezwa pale, kama suruali ya mtu anayenenepa, na baada ya muda hata fundi hakumbuki kitambaa cha kwanza kilikuwaje. Kwa hivyo leo naifumua.

Nilikuwa fundi wa matanga na turubai, kama nilivyo mpaka sasa. Kila yoti ya wageni iliyopasuka tanga Kilindini, nguo yake ililetwa kwangu nyuma ya Biashara Street, nami nikaishona nikiwa nimekaa juu yake sakafuni kama kuku anayeatamia. Miaka mingi nilishona matanga ya kwenda mahali nisipokwenda. Ikaniingia kiburi. Nikaanza kuzungumza kama nahodha. Nilikuwa najua tanga lapaswa kuvimba wapi na kunyooka wapi, nikadhani huko ndiko kuijua boti. Ni sawa na mshona kanzu kudhani anajua kutibu moyo kwa kuwa amepima kifua.

Kapteni naye hakuwa nahodha wa chochote. Alikuwa akinunua vitu vya wazungu waliohama, friji, piano, mbwa, na kuviuza kwa watu kama mimi. Akanitumia salamu kwamba ana yoti ya faiba, jina lake Marhaba, imetulia kule mkono wa bahari wa Tudor, na kwamba hataki kumwuzia mtu asiyejua bahari. Angalia hapo. Mtu aliyeniona mara mbili maishani ameshajua kwamba mimi ndimi nijuaye bahari. Badala ya kumshuku, nikamwona ana macho.

Tulikwenda sote, mimi, mamako na wewe, ukiwa na miaka minne na kijigauni cha manjano nilichokushonea kwa masalio ya turubai. Tulipopanda, jambo la kwanza lililotupokea lilikuwa harufu ya udi. Alikuwa amefukiza chumba chote cha chini, na moshi ulikuwa bado umejikunja kwenye dari. Mamako akasema, "Mashallah, yanukia kama nyumba ya arusi." Na mimi, mjinga wa kushona, nikafurahi kwamba mkewe mtu amepafanyia heshima. Haikunipitia kichwani kujiuliza: boti inanukaje pasipo udi? Maana boti iliyoloa ndani ya mbao zake ina harufu yake, Mwanaidi, kama nguo zilizokunjwa mbichi. Pua ni chombo cha ukaguzi sawa na macho, na yeye alishaifumba pua yangu kwa adabu kabla sijaketi.

"Karibu, fundi! Karibu, mama! Na bibi mdogo huyu, karibu!"

"Nimekuja kuiona boti," nikasema.

"Boti yenda wapi, yakhe? Si hii mumekaa ndani yake? Kuleni kwanza."

Mkewe akafunua sufuria la biriani. Biriani ya mbuzi, mwanangu, viazi vimekaangwa vikawa vyekundu, na achari ya embe pembeni. Tukala. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Wewe ulikula kidogo ukaanza kucheza na kijiko. Kisha ikaja kahawa, kisha halwa, kisha Kapteni akaniletea matanga yenyewe akayatandaza juu ya sitaha, akisema, "Haya, fundi, hapa mimi sina la kusema. Wewe ndiwe mwalimu."

Yalikuwa matanga mazuri kuliko yote niliyowahi kuyashika. Mishono imekwenda sawa kama mistari ya daftari, pembe zimetiwa ngozi kwa mkono, hakuna uzi uliolegea. Nikayakagua mpaka jua likageuka. Nikageuza kila pembe. Nikanusa hata kamba. Na nilipomaliza, nikawa nimeikagua boti, ndivyo nilivyodhani. Chini ya zile mbao za sakafu, kwenye ngama ambako maji ya boti hujikusanya, sikuchungulia. Kitu kimoja tu nilikiona kwa bahati: rangi ya kule ndani ilikuwa mpya, nyeupe pepepe. Nikasema moyoni, mtu msafi huyu, hata pasipoonekana amepaka. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mtu apake rangi pasipoonekana, na asipake mlingoti ulioparara mbele ya macho ya kila mtu.

Lakini ukweli wenyewe, mbali na ujinga, ni kwamba niliona haya. Sisi watu wa mji huu tumelelewa hivyo. Ukishakula kwa mtu, umekuwa wake siku hiyo. Huwezi kumaliza biriani ya mtu, ukafuta mdomo kwa kitambaa cha mkewe, kisha ukapiga magoti ukang'oa mbao za sakafu yake na kuingiza mkono, ukauliza hili tundu la nini na hii valvu mbona imeota kutu. Huo utakuwa utovu wa adabu mpaka jirani wa mbali ausikie. Kapteni alilijua hilo. Alitujua kwa namna ya ajabu. Hakuficha kitu chochote kwa kufuli. Alivificha vyote kwa ukarimu.

Basi nikainunua, na Jumapili ya kwanza tukatoka, sisi watatu. Pepo nzuri, tanga limevimba kama shavu la mpiga tarumbeta. Tukapita Mji wa Kale, tukaizunguka ngome, tukatoka nje. Tulipofika usawa wa Mama Ngina watu walikuwa wamejaa ufukweni na mihogo yao na madafu, wakatuona, wakaanza kupunga mikono. Nami nikawapungia. Wakapunga zaidi. Wengine wakasimama juu ya ukuta. Nikamwambia mamako, "Waona? Watu wamependezwa." Nikavua na kofia.

Walikuwa wakituambia boti imelala upande mmoja.

Mamako ndiye aliyeteremka chini akakuta maji yamefika kwenye viti na sufuria letu la wali laelea. Hakupiga kelele. Alirudi juu, akanitazama, akalitazama tanga, akasema kwa upole, "Tanga lako zuri sana, Baba Mwanaidi."

Mengine wayajua. Wewe ulikuwa ukichota maji kwa kikombe na kuyamwaga huku ukiimba, ukidhani ndio mchezo wenyewe wa kwenda baharini. Niligeuza boti, nikaingia nayo mlango wa Kilindini kwa woga wa kila kitu, na nikaikita mchangani upande wa Likoni. Hapo ndipo tulipoona. Ubavuni palikuwa na tundu la zamani, mtu aliliziba kwa kipande cha ubao na gundi, akapaka rangi ndani na nje. Rangi nyeupe pepepe. Bahari ikakibandua kama stempu. Kingebanduka tukiwa mbali zaidi, barua hii isingekuwa na wa kuiandika wala wa kuisoma, na nikisimulia, hapo ndipo huwa nafanya haraka kurudi kwenye kichekesho cha kofia.

Tangu siku hiyo "tanga lake zuri" likawa neno la nyumba hii. Mamako alilisema kuhusu lile kabati la dukani lililoanguka. Alilisema kuhusu mgombea wetu wa ubunge. Na alilisema, nisamehe mama, Hamisi alipokuja kuposa, na kanzu ile iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Alininong'oneza nyuma ya pazia: "Tanga lake zuri. Kazi kwako."

Sasa ndio ujue kwa nini siku ile niliwaaibisha. Amuye Hamisi, ndugu wa babake, alikuja na sinia la halwa, kahawa ikamiminwa, na mimi nikakaa na kikombe mkononi bila kunywa. Watu wakatazamana. Wewe ulikuwa jikoni, na baadaye ulinuna siku mbili ukidai nimewadharau wageni. Nilikuwa nafanya kile nilichoshindwa kufanya Tudor. Nilimwuliza Hamisi, kwa kuwa ni mtu wa boti, swali moja: "Umewahi kuzama?"

Amuye akaruka, "Huyu? La hasha! Huyu ni samaki huyu!"

Hamisi akainamisha kichwa. "Mara mbili, baba. Ya kwanza ilikuwa dhoruba. Ya pili lilikuwa kosa langu, sikukaza valvu ya injini."

Nikanywa kahawa. Nikala na halwa ya amuye, yote, mpaka akacheka. Mtu akikuonyesha mwenyewe palipozibwa, waweza kwenda naye. Basi mwulize na yule mzungu: boti yako ina ubaya gani? Akikutajia mabaya matano, kaa umsikilize. Akisema haina hata moja, chukua viatu vyako.

Na kuna jambo la tanga lake, ambalo alimpa Hamisi siku ile alipoiona boti kwa mbali, alilete kwangu nitie kiraka kidogo. Lipo hapa dukani, nimelitandaza, na nakiri nimelitazama kwa jicho lisilo la halali. Ni tanga zuri. Ndiyo maana silali. Mzungu amesema kila mwaka huenda nalo Pemba na kurudi. Lakini tanga la boti inayosafiri huwa na alama pale linapokwaruzana na nyaya za mlingoti, mstari wa kijivu kama wa penseli. Hili halina. Mishono ya pembeni haijapauka kwa jua. Lanuka sabuni. Yaweza kuwa alinunua jipya juzi, na hapo hana kosa. Mwambie tu akuonyeshe la zamani, hakuna baharia anayetupa tanga kuukuu, hata mimi ya Marhaba niliyakata nikashona turubai na moja bado liko juu ya mlango wa duka. Au yaweza kuwa boti haijatoka bandarini kwa miaka. Na boti iliyokaa bure ni mgonjwa asiyelalamika. Valvu zake zimeganda, nyaya za mlingoti zimeoza pale zinapoingia kwenye vishikio, usukani una maji ndani yake, injini inawaka ukiwa umesimama na kuzimika ukiwa unaihitaji. Mwambie Hamisi aishike ile injini kabla haijawashwa. Ikiwa moto mmefika tu, kuna mtu amehangaika nayo tangu alfajiri ili ikubali mbele yenu.

Usiende saa uliyoitwa. Nenda mapema, umkute mtu hajafagia. Mzungu hafukizi udi, lakini nimesikia wao huoka mkate na kuchemsha kahawa, na kazi ni ile ile.

Nilitaka kuja nanyi. Nilimwambia mamako jana, nikavaa hata viatu vya safari. Akaniambia, "Uende ukafanye nini? Ukenda wewe utatazama tanga." Nikavua viatu. Na tangu jana najiuliza jambo jengine, maana nikiwashuku watu wote, haki nijishuku na mimi. Huenda mzungu yule ni mwema kweli na mkewe anapika kwa moyo safi. Huenda mimi ndiye ninayetaka boti ile iwe mbovu, msiinunue, mrudi mkae chumba cha juu, na niendelee kukusikia asubuhi ukimgombeza paka. Sijui. Mtu hawezi kujigonga mwenyewe akasikia sawasawa. Kwa hivyo usiamini shaka yangu pia. Amini utakachosikia kule.

Mamako anakukaangia mahamri ya njiani. Nimemwambia azidishe. Siku ya kuiona boti, kabla hamjafika kwa mzungu, kaeni ufukweni mle mpaka mshibe. Akiwaita mezani, mseme mmekula, ahsante, baada ya kazi tutakula tena. Tumbo lililoshiba lina ujasiri.

Sasa nikwambie kile ambacho huwa sisemi nikiwachekesha watu kwa hadithi ya Marhaba. Mamako alikuwa juu na mkewe Kapteni, hakukiona. Wewe ulikuwa mdogo, sidhani kama wakikumbuka.

Ulichoka kukaa. Ukateremka chini ya meza na kijiko chako ukaanza kugonga ubavu wa boti. Ko, ko, ko. Ukasogea. Ko, ko. Ukasogea mpaka chini ya kiti alichokalia Kapteni, na hapo pakalia vingine. Pu. Ukarudi nyuma: ko. Ukaenda mbele: pu. Ukatoa kichwa chini ya kitambaa cha meza, ukanitazama, ukasema, "Baba, hapa hapasemi."

Kapteni akacheka sana. "Yakhe, bintiyo ni mpiga ngoma!"

Nami niliyekuwa nimeshiba nikakushika mkono. Nikakwambia, "Acha, Mwanaidi. Tuko kwa watu." Nikakunyang'anya kijiko, nikakitia mfukoni, nikaomba halwa zaidi.

Pale ulipogonga ndipo palipobanduka.

Kijiko nilikikuta mfukoni siku ya pili. Sikukirudisha, mbali na matanga, ndicho kitu pekee kizima nilichotoka nacho kwa Kapteni. Miaka yote hii kimekaa kwenye kopo la sindano zangu, na mamako hunilaumu kwamba ni kijiko cha watu. Nimekitia kwenye mkoba wako wa mkononi, kati ya zile leso mbili za juu.

Ukiteremka kwenye boti ile, kitoe. Anza mbele, uje nyuma, kushoto na kulia, juu ya sitaha na chini ya viti, hasa chini ya kiti atakachokaa mwenyewe. Piga polepole usikilize. Akikuona huna adabu, mwambie babangu hakunifunza. Pote pakisema, inunueni, mwende mpaka Shelisheli, nami nitawashonea tanga la pili bila kulalamika, au nitalalamika kidogo. Mahali pasiposema, mshike mumeo mkono, mteremke, mkale kwingine.

Na ukiwa chini ya meza unagonga, ukasikia mtu nyuma yako akisema acha, tuko kwa watu, usigeuke. Hata sauti ikiwa kama yangu.

Babako